Kuacha kazi kwa heshima unapobadili fani: mambo yanayobaki ofisini baada ya barua kupokelewa

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimefanya kazi ya rasilimali watu katika kampuni binafsi, kwanza Iringa mjini na sasa hapa Mbeya, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa kupokea barua za watu wanaoondoka. Wengi wao hawahamii kwa mwajiri mwingine wa aina ileile. Wanaacha uhasibu waende kwenye kitalu cha miche ya parachichi Rungwe, wanaacha ukarani wa ghala waende kufundisha, wanaacha ualimu wa shule binafsi waende kununua mpunga Kyela. Mabadiliko ya namna hiyo ni ya kawaida siku hizi katika mikoa yetu, na sioni haja ya kuyasifu wala kuyapinga. Ninachotaka kukijadili ni namna ya kutoka, kwa sababu nimeona watu wakitumia wiki nzima kuitunga barua bila kutenga hata siku moja ya kufikiria makabidhiano na dhamana wanazoziacha nyuma, ilhali barua husomwa mara moja ikaingia kwenye faili, na makabidhiano ndiyo yanayosimuliwa kwa miaka.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Mbeya ni jiji, lakini ni jiji ambalo watu wake wanajuana. Meneja uliyeagana naye vibaya utamkuta kwenye kikao cha wazazi shuleni, kwenye kamati ya harusi, au dirishani akiwa ndiye mteja wako. Iringa na Njombe ndiyo zaidi. Tena anayebadili fani ana sababu kubwa kuliko anayehama ofisi, kwa kuwa kule aendako hana jina bado: hajulikani kama mkulima, hajulikani kama fundi, hajulikani kama mfanyabiashara. Afisa wa benki au mnunuzi wa mazao anayetaka kujua kama unaaminika atauliza mahali ulipofanya kazi, na jibu litakalotolewa halitahusu miaka yako yote ya utumishi. Litahusu mwezi wako wa mwisho.

Kabla ya lolote, toa mkataba wako kabatini uusome upya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kiwango cha chini cha notisi: siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, siku 4 kwa anayelipwa kwa siku au kwa wiki, na siku 7 ikiwa notisi inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira. Mkataba unaweza kurefusha muda huo, mradi urefu uwe sawa kwa mwajiri na mwajiriwa. Notisi sharti iwe ya maandishi, ioneshe tarehe inapotolewa na itaje sababu; kwa hiyo ule ushauri unaozunguka mitandaoni kwamba usiandike sababu yoyote hauendani na sheria yetu, ingawa sentensi moja ya kweli inatosha kabisa. Vilevile notisi haitolewi mtu akiwa likizoni, wala haiendi sambamba na likizo. Wanaopanga kuandika barua leo, kisha wapotelee shambani kwa siku zao 28 za likizo ya mwaka na kurudi kuchukua mshahara wa mwisho, wajue kwamba mpango huo hauna mguu wa kusimamia. Likizo ama uichukue kabla, ama ilipwe pamoja na stahili zako za mwisho.

Watumishi wa umma wana sheria na taratibu zao, nami sitazigusa.

Likija suala la nani aambiwe kwanza, jibu ni msimamizi wako wa karibu, kwa mdomo wako mwenyewe, faraghani, na barua imfikie siku hiyohiyo. Nimeona mtu mwenye sababu njema kabisa akiharibikiwa kwa kuwa alimdokeza mwenzake wa meza ya jirani, mwenzake akamdokeza dereva, na ilipofika jioni mkurugenzi alikuwa ameshapigiwa simu na mteja wa Tunduma akiulizwa nani atashika nafasi ile. Bosi hakasirishwi sana na kuondoka kwako. Anakasirishwa na kuwa wa mwisho kujua.

Barua yenyewe iwe fupi. Naweka mfano, kwa kuwa naulizwa mara kwa mara:

*Ndugu Meneja,*
*YAH: NOTISI YA KUACHA KAZI*
*Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Kwa barua hii natoa notisi ya siku 28 ya kuacha kazi yangu ya mhasibu msaidizi, kuanzia tarehe 1 Septemba hadi tarehe 28 Septemba, ambayo itakuwa siku yangu ya mwisho kazini. Sababu ya uamuzi huu ni kwamba naingia katika uzalishaji wa miche ya matunda, shughuli itakayohitaji muda wangu wote. Katika kipindi cha notisi nitakamilisha hesabu za mwezi na kumkabidhi kazi mtu utakayemteua. Nashukuru kwa mafunzo na ushirikiano nilioupata hapa.*

Basi. Malalamiko ya mshahara mdogo, ya zamu za Jumapili na ya yule msimamizi aliyekuonea mwaka juzi hayana nafasi humo. Ukiulizwa ana kwa ana, sema kwa adabu, tena useme jambo ambalo linaweza kurekebishwa.

Sasa nifike penye uchungu, ambapo miongozo ya kuacha kazi niliyowahi kuisoma haipagusi: dhamana za SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, na michezo ya kuchangiana. Katika ofisi nyingi za huku mkopo wa SACCOS haudhaminiwi na nyumba wala gari. Unadhaminiwa na wafanyakazi wenzako wawili au watatu walioweka saini kwa kuwa wanakuona kila asubuhi. Siku makato ya mshahara wako yanapokoma, deni haliondoki nawe, linabaki mezani kwao. Nimeshuhudia mwanamke mmoja mpole sana akikatwa mshahara kwa ajili ya mkopo wa mwenzake aliyekwenda kufungua duka la pembejeo, na duka lenyewe lilikuwa linaendelea vizuri. Wote walioweka saini wanafahamu lilipo duka hilo na hakuna hata mmoja anayenunua mbolea humo. Kwa hiyo, kabla ya barua, nenda kwa katibu wa SACCOS uulize salio la mkopo, akiba yako inafidia kiasi gani, na kilichobaki utakilipaje; kisha wafuate wadhamini wako mmoja mmoja uwaeleze mpango huo. Vivyo hivyo kwa wale uliowadhamini wewe, maana huenda chama kikawataka watafute mdhamini mwingine aliye kazini, na si haki walisikie hilo kwa barua ya katibu. Na mchezo, au upatu kama wengine tunavyouita: kama zamu yako ya kupokea imeshapita, utaendelea kuchangia hadi duru iishe, hata kama fedha hiyo sasa unaitoa kwenye mauzo ya nyanya. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini hapa matanga yanawaangukia watu wasiokopa.

Makabidhiano nayo yana mtego wake: mtu anadhani kazi yake iko kwenye kompyuta na kabati, kumbe nusu yake iko kichwani na kwenye simu yake. Mhasibu akabidhi masurufu, yaani fedha walizopewa watu kwa ajili ya kazi au safari, yaliyorejeshwa na yasiyorejeshwa, vitabu vya hundi, mashine ya risiti, na hasa kalenda ya malipo ya Serikali, kwa kuwa PAYE, kodi inayokatwa kwenye mishahara, inadaiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, na VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ifikapo tarehe 20, na mgeni asiyeambiwa atajifunza tarehe hizo kwa kutozwa faini. Mtunza ghala ahesabu mali pamoja na anayempokea, gunia kwa gunia, wote wawili waweke saini kwenye hati moja. Asikubali kauli ya "tunaaminiana, tutahesabu baadaye," kwa sababu upungufu utakaoonekana baada ya mwezi utaitwa wake. Afisa mikopo au mtu wa mauzo ana kazi kubwa zaidi, nayo ni kumchukua mrithi wake na kuzunguka naye kwa wateja, Mbalizi, Uyole, Mwanjelwa, amtambulishe kwa sura na kwa jina, kwa sababu wateja wengi hawaijui ofisi, wanaijua namba ya simu ya yule kijana anayekuja na pikipiki. Ukiondoka na namba hiyo bila kuwaaga, watu wataendelea kukupigia, wengine watakutumia hata marejesho, na siku moja utajikuta unaeleza fedha ambazo hukuziomba. Orodha ya nywila iandikwe, ikabidhiwe kwa saini. Nakala ya hati ya makabidhiano ibaki kwako nyumbani.

Jambo la mwisho ni majira. Nyanda zetu zina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza Novemba au karibu na hapo hadi Aprili au Mei, na anayekwenda shambani hawezi kuwaambia mawingu wasubiri amalize notisi. Anayetaka kupanda mwanzo wa mvua ahesabu kurudi nyuma: notisi, makabidhiano, kuandaa mashimo na samadi. Lakini mwajiri naye ana msimu wake. Kwenye viwanda vya chai vya Mufindi mvua ndiyo wakati wa majani mengi. Kwa wanunuzi wa kahawa wa Mbozi kazi inapamba moto katikati ya mwaka. Kwa mhasibu wa kampuni inayofunga hesabu Desemba, kuondoka Desemba ni kumwacha mwenzako jikoni na sufuria linachemka. Mara nyingi kuna mwezi unaozifaa pande zote mbili, na mtu anayeutafuta mwezi huo hukumbukwa kwa hilo.

Naomba kuwasilisha, na michango inakaribishwa.

Mnyalukolo_Kilolo (Iringa)

Kamwene wote, na ahsante kwa uzi huu. Mimi ni msimamizi wa usafirishaji, ninakusudia kuingia kwenye ufugaji wa nyuki na uuzaji wa asali. Ninalo swali la fedha. Nimefanya kazi miaka saba kwa mwajiri huyuhuyu. Je, nikiacha mwenyewe kwa notisi nzuri, nitalipwa kiinua mgongo cha miaka hiyo? Na mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, NSSF, watanipa lile fao la kukosa ajira ili nianzie maisha? Ninaye pia ndugu yetu Bodi ya Mikopo, anakata kila mwezi deni la masomo ya elimu ya juu.

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Kamwene, ndugu. Nitakujibu waziwazi, kwa kuwa mipango mingi imejengwa juu ya fedha ambazo hazipo.

Kiinua mgongo cha kisheria, yaani mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kisichozidi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira. Anayeacha mwenyewe hana dai hilo, isipokuwa mkataba wake au desturi ya kampuni imempa. Unachostahili ni mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo uliyostahili na hukuichukua, na cheti cha utumishi. Fao la upotevu wa ajira nalo halikuwekwa kwa ajili ya aliyeacha kwa hiari yake. Michango yako ya NSSF haipotei. Inabaki kwenye jina lako, na unaweza kuendelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri, jambo ambalo ningekushauri ulifanye kabla hujazoea kukaa bila kulifanya.

Bodi ya Mikopo inakukatia asilimia 15 kupitia mwajiri. Makato yatakoma, deni litabaki, na wajibu wa kulipa utahamia kwako. Nenda mwenyewe ukawaeleze umejiajiri, upange malipo. Na bima ya afya: kama familia iko kwenye kadi inayolipiwa na mwajiri, uliza inakoma lini, kwa sababu watoto hawaugui kwa kufuata tarehe za notisi.

MtuWaMafinga

Mkuu, uzi ni mzuri lakini unawatetea waajiri. Mimi nilifanya kazi katika kiwanda cha mbao ambacho sitakitaja. Niliandika notisi ya mwezi mzima, kwa heshima zote, nikieleza kwamba naenda kusomea ufundi wa umeme. Saa mbili baadaye nilisindikizwa na mlinzi hadi getini, sikuruhusiwa hata kuwaaga wenzangu. Heshima yangu ilinisaidia nini? Ninawaambia vijana wachukue mshahara, wazime simu, waondoke. Waajiri hawana shukrani.

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Ulitendewa vibaya, na sitajaribu kukupambia maneno. Lakini tutenganishe mambo mawili. Mwajiri ana haki ya kukuambia usiendelee kufanya kazi katika kipindi cha notisi. Hana haki ya kukunyima malipo ya kipindi hicho. Sheria inamtaka akulipe ujira ambao ungeupata kama ungefanya kazi hadi mwisho wa notisi. Kama hukulipwa, hilo lilikuwa dai halali, na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Ukizima simu na kuondoka, mzani unageuka. Sheria hiyohiyo inampa mwajiri ruhusa ya kukata kwenye stahili zako kiasi ambacho ungelipwa kwa siku za notisi ulizokataa kufanya kazi. Yaani yule aliyekukosea anapata na sababu ya kukukata. Hiyo si njia ya kumkomoa mtu.

MzeeWaUyole

Wanangu, nimekuwa meneja kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, naomba niongeze neno juu ya suala la mlinzi. Mara nyingine si dharau. Aliyeshika funguo za ghala au nywila za benki anapotoa notisi, kampuni nyingi zina utaratibu wa kumwondoa penye mali siku hiyohiyo, awe mwema au mbaya, ili likitokea la kutokea asihusishwe. Utaratibu huo unamlinda na yeye pia. Kosa la waajiri ni kuufanya bila kuueleza. Mimi nilikuwa namwita mtu, namwambia, "Kuanzia leo funguo anashika fulani, si kwa sababu nakushuku bali kwa sababu nataka uondoke bila doa," kisha tunakunywa chai pamoja mbele ya wafanyakazi wote. Chai hiyo ilikuwa na kazi yake.

Halafu niseme jambo ambalo mwanzisha uzi amelipita haraka. Anayebadili fani asimwogope bosi wake kama anayekwenda kwa mshindani. Hamchukulii wateja, hampelekei siri mtu mwingine. Aseme wazi anakokwenda. Kijana aliyeacha kazi kwangu akaenda kutengeneza samani alipata oda yake ya kwanza kutoka ofisini kwangu, meza na viti vya chumba cha mikutano, na sikumpa kwa huruma. Nilikuwa nimemwona akikabidhi stoo bila kukosekana hata bawaba moja.

DadaWaMakambako (Njombe)

Shikamoo mzee, na salaam kwa wengine. Mimi niko kwenye mradi wa afya, mkataba wangu wa mwaka mmoja unaisha Juni. Nimepata nafasi ya kuingia ubia na dada yangu kwenye biashara ya kusindika maziwa, naye anataka tuanze Februari. Nimesoma mkataba, umeandikwa muda maalumu, na kipengele cha kuacha kazi hakielezi vizuri. Je, siku 28 zinanitosha?

MzeeWaUyole

Marahaba, mwanangu. Hilo namwachia mwenye taaluma.

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Dada, hapana, siku 28 peke yake hazikutoshi, na nakushukuru kwa kuuliza kabla ya kuandika. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema kwamba mwenye mkataba wa muda maalumu anaweza kuacha kazi kabla ya muda ikiwa mwajiri amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa. Kama mwajiri hajavunja chochote, njia halali iliyobaki ni kukubaliana naye kwamba mkataba uishe mapema. Kwa hiyo barua yako haitakuwa notisi, itakuwa ombi. Watu wa miradi katika Iringa, Njombe na Mbeya ni wengi, na wengi wao hawaijui tofauti hii, kwa kuwa mkataba wa mwaka unaohuishwa kila mara huanza kuonekana kama ajira ya kudumu.

Sasa uzuri wa ombi ni kwamba lina nafasi ya mazungumzo. Mwendee meneja wa mradi na mpango, usiende na shida. Mradi una tarehe za ripoti kwa mfadhili, una mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, una bajeti inayopaswa kutumika kabla ya mwaka kufungwa. Tafuta ni lini pengo lako litaumiza kidogo, kisha mweleze: nitakamilisha ripoti ya robo mwaka, nitamfundisha anayenifuata, na baada ya kuondoka nitapokea simu za maswali kwa wiki kadhaa. Hilo la simu liwekee mpaka, la sivyo utajikuta unafanya kazi ya mradi huku maziwa yanaganda. Mkikubaliana, yaandikwe makubaliano mafupi ya kusitisha mkataba kwa ridhaa ya pande zote mbili, yataje tarehe ya mwisho, malipo ya likizo, vifaa vitakavyorudishwa, na kwamba hakuna upande utakaomdai mwenzake kwa sababu ya kusitisha mapema. Pande zote zisaini. Usitegemee kauli ya "nenda tu, hakuna shida" iliyotolewa koridoni, maana aliyeitoa anaweza kuhamishwa kesho.

Akikataa kabisa? Mwombe dada yako aanze na kazi za vibali, kutafuta wafugaji na kununua vyombo, wewe uingie Julai. Biashara ya maziwa itakayoshindwa kusubiri miezi michache haikuwa imeandaliwa.

Mwalimu_Tukuyu (Rungwe)

Nami nina neno kwa walimu wenzangu wa shule binafsi. Nilikuwa nafundisha hesabu, sasa nauza vifaa vya umwagiliaji. Kilichonisumbua zaidi ni ahadi ya nyongeza ya mshahara baada ya kutoa barua. Mkuu wa shule aliniita mara mbili, na mara ya pili kiwango kilikuwa kizuri kweli. Nilijiuliza swali moja tu: je, mshahara ndio ulionifanya niandike barua? Haukuwa mshahara. Nilichoka kufundisha, na mwalimu aliyechoka huwaumiza watoto wa watu. Nilishukuru, nikakataa, nikaeleza hivyohivyo, na tuliachana vizuri.

Kuhusu majira, mwalimu asiondoke Septemba au Oktoba akawaacha kidato cha nne wakielekea mtihani wa Novemba. Wazazi hawasamehi, na katika mji kama Tukuyu wazazi haohao ndio wateja wako. Mimi nilitoa notisi ili niishie mwisho wa mwaka wa masomo, shule ikapata likizo ya Desemba ya kutafuta mwalimu mwingine. Nilimwachia daftari la maandalio, alama za wanafunzi wote, na karatasi moja inayoeleza nani ana uwezo lakini ni mvivu, nani anahitaji kukaa mbele kwa sababu ya macho, na nani asiitwe ubaoni ghafla. Karatasi hiyo hakuna aliyeniomba.

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Mwalimu, karatasi hiyo ndiyo makabidhiano ninayoyasema. Nyongeza ya mshahara ni mtihani mgumu zaidi kwa anayehamia kampuni nyingine. Kwa anayebadili fani inapaswa kuwa rahisi kidogo, ingawa nimeona watu wakiipokea na kuandika barua nyingine kabla mwaka haujaisha. Barua ya pili hupokelewa kwa uso tofauti.

Kijana_Soweto (Mbeya)

Kaka au dada MezaYaUtumishi, sijui nikuiteje, samahani. Mimi nimeshamaliza notisi yangu kwa ukamilifu, ghala limehesabiwa, tumesaini. Ile fomu ya kuzungusha idara kwa idara imebaki saini moja ya mtu wa IT ambaye yuko safarini Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo nimezuiliwa mshahara wa mwisho na cheti cha utumishi. Nataka kuanza mafunzo ya ufundi wa magari mwezi ujao na chuo kinataka uthibitisho wa kazi niliyofanya. Nipige kelele au nisubiri?

MezaYaUtumishi (Mbeya)

Niite dada, inatosha.

Usipige kelele, lakini pia usisubiri kimya. Fomu hiyo ni utaratibu wa ndani wa kampuni; cheti cha utumishi ni wajibu ambao sheria imemwekea mwajiri pale ajira inapokoma, na mshahara wa siku ulizofanya kazi ni wako. Andika barua ya ukumbusho ya aya mbili kwa meneja, nakala kwa rasilimali watu. Ambatisha nakala ya hati ya makabidhiano, taja kwamba vifaa vya kompyuta ulivirudisha tarehe fulani mbele ya fulani, na upendekeze mtu mwingine wa idara ile akague na kusaini kwa niaba ya aliye safarini. Ipeleke kwa mkono, nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa kuwa meneja hata hakuwa na habari kwamba umezuiliwa kwa ajili ya saini moja.

Wiki mbili zikipita bila jibu, nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hapa Mbeya. Madai ya aina yako, ambayo hayahusu kuachishwa kazi, yana siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, kwa hiyo weka tarehe hizo kwenye karatasi. Kwenda huko si kugombana. Hatua ya kwanza ni usuluhishi, mnakaa mezani na msuluhishi, na kwa saini moja iliyobaki sidhani kama mtavuka hapo. Kwa chuo, wapelekee kwa sasa nakala ya mkataba wako na barua ya kupokelewa kwa notisi, uwaambie cheti kinafuata.